Ufunguzi wa ajabu kwa kete nyeusi: unachopata, unacholipa na namna ya kuchagua

Mwaka 1980, kwenye mashindano ya sataranji ya timu za Ulaya mjini Skara, Sweden, bingwa wa dunia Anatoly Karpov alifungua kwa 1.e4. Mwingereza Tony Miles akajibu 1...a6. Karpov akasogeza 2.d4, Miles akafuatisha 2...b5. Mtoto akicheza hivyo darasani, mwalimu humrudisha mwanzo. Lakini siku ile aliyesalimu amri, baada ya hatua 46, alikuwa Karpov.

Kisa hiki kila mpenzi wa ufunguzi wa ajabu anakijua. Kisichosimuliwa sana ni kilichofuata baada ya hizo hatua mbili. Ukiupitia mchezo wenyewe utaona Miles akicheza Bb7, Nf6, e6, c5, kisha kumweka mfalme pembeni kama mtu mwingine yeyote. Uajabu uliishia kwenye hatua ya pili. Baada ya hapo ilikuwa sataranji ya kawaida ya mtu aliyekwisha kuwa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu. Kisa kingine ambacho wapenzi hao hukiruka ni cha mwaka 2010, Olimpiadi ya sataranji mjini Khanty-Mansiysk, Urusi. Magnus Carlsen alimjibu Michael Adams kwa 1.e4 g6 2.d4 Nf6, askari wa e akasogea mbele kumfukuza farasi, na Carlsen akapoteza.

Kwa hiyo sitakwambia ufunguzi wa ajabu ni mzuri au mbaya. Kipimo changu ni kimoja: mpinzani akijibu kwa usahihi kabisa, je, bado una mchezo wa kucheza? Ukiwa nao, ubebe. Ukiwa huna, hicho ni kitu cha kuchezea usiku kwenye simu.

Nitaandika hatua kwa herufi zilezile unazoziona kwenye programu za simu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, askari hana herufi. Herufi ndogo na namba, kama e4, ni jina la mraba; x ni kula, + ni cheki, O-O ni mfalme kwenda pembeni na ngome, = ni askari kugeuka kete nyingine, ! ni hatua nzuri, ? ni kosa, na nukta tatu ni zamu ya Mweusi.

Hatua ya kwanza: jua unalipa kwa sarafu gani

Mweusi anaanza akiwa nyuma zamu moja. Kompyuta huipa nafasi ya mwanzo kama robo ya thamani ya askari kwa upande wa Mweupe. Si kitu kikubwa, watu wanacheza sare kila siku kutoka hapo. Ila kila hatua ya ajabu inaongeza deni, na deni hilo hulipwa kwa kimojawapo kati ya vitu vitatu: muda (unasogeza a6 wakati mwenzako anatoa farasi), katikati ya ubao (unamwachia e4 na d4 bure), au usalama wa mfalme (unafungua f7 au g7 ambako mfalme wako angejificha).

Deni la muda ndilo linalovumilika zaidi. La katikati linavumilika ukijua lini utaishambulia hiyo katikati kwa c5 au e5. La mfalme ndilo linaloua. Angalia huu mtego uliomo kwenye maandishi ya Mwitaliano Gioachino Greco tangu karne ya 17, na ambao bado unakula watu leo: 1.e4 b6 2.d4 Bb7 3.Bd3 f5? Mweusi anatamani g2. 4.exf5 Bxg2 5.Qh5+ g6 6.fxg6 Nf6?? Anadhani amemfukuza malkia. 7.gxh7+ Nxh5 8.Bg6, chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia. Malkia wa Mweupe ameliwa, na haikusaidia kitu. Ufunguzi wenyewe, 1...b6, hauna kosa kubwa. Kasisi wa Kiingereza John Owen alimshinda nao Paul Morphy mwaka 1858. Kosa ni ile f5. Mweusi angecheza 3...e6, kisha c5 na Nf6, angekuwa na mchezo wa kubanwabanwa lakini mzima.

Na unapata nini kwa deni hilo? Kwanza, mpinzani anatoka kwenye alichokariri. Yule aliyetazama video kumi za ufunguzi wa Kiitaliano hana video ya 1...Nc6. Anaanza kufikiri hatua ya pili, saa yake inapungua. Pili, wewe una mambo machache ya kujifunza, kwa sababu ni wewe uliyechagua uwanja. Tatu, ukiucheza mara nyingi utakuwa umeshaona nafasi zake mara mia ambapo yeye anaziona mara ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo faida ya kweli. Mshangao huisha baada ya dakika tano, lakini uzoefu haukuishii.

Hatua ya pili: zitenganishe kabla hujazipenda

Kuna zile ambazo zamani zilichekwa na sasa zimeheshimika. Alekhine alipocheza 1.e4 Nf6 mjini Budapest mwaka 1921, wengi waliona ni mzaha. Mwaka 1972 Bobby Fischer aliitumia kumfunga Boris Spassky katika mchezo wa 13 wa kugombea ubingwa wa dunia. Ya Skandinavia, 1.e4 d5, Bent Larsen alimfunga nayo Karpov huko Montreal mwaka 1979, na Anand aliitoa mbele ya Kasparov mwaka 1995. Hizi cheza bila wasiwasi. Ubaya wake pekee ni kwamba hazimshangazi mtu tena.

Kuna zinazosimama kwa miguu yake ingawa zinayumba kidogo: Budapest (1.d4 Nf6 2.c4 e5), Albin (1.d4 d5 2.c4 e5), Nimzowitsch (1.e4 Nc6), Owen (1.e4 b6), na hiyo a6 ya Miles. Mweupe akijua kazi yake atapata nafasi nzuri kiasi, na wewe utapata mchezo. Mchezaji wa klabu anayetaka kitu tofauti achague humu.

Na kuna mitego mitupu: Englund (1.d4 e5), Latvia (1.e4 e5 2.Nf3 f5), na ile 1...g5 aliyoipenda Mwingereza Michael Basman. Basman alikuwa masta wa kimataifa na aliicheza kwa imani yote, lakini yeye alikuwa amekaa nayo miaka. Wewe utakaa nayo wiki mbili.

Hatua ya tatu: ipitishe kwenye jibu bora

Hapa ndipo wengi huruka, kwa sababu video inaishia pale mpinzani anapokosea. Tuchukue Englund, maana ndiyo inayosambaa zaidi.

1.d4 e5 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+. Cheki, na papo hapo malkia anamwangalia askofu wa f4 na askari wa b2. 5.Bd2 Qxb2. Sasa Mweupe anaona malkia yuko kwenye mstari wa askofu, anacheza 6.Bc3?? kwa furaha. Jibu ni 6...Bb4! Askofu wa c3 amefungwa mbele ya mfalme wake: akitoka kwenye mstari huo, mfalme anabaki kwenye cheki. 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 Qc1, chekimeti. Na akila kwa farasi, 8.Nxc3, basi 8...Qxa1+ ngome imekwenda. Mtego mzuri kweli, siukatai.

Rudi sasa kwenye hatua ya 6 na umpe Mweupe akili: 6.Nc3! Farasi tu, hatua ya mtoto wa shule. Hesabu kete. Askari ni sawa kwa sawa, kwa sababu ulitoa e5 ukachukua b2. Lakini farasi wa Mweupe anatishia kwenda b5 au d5 na kupiga c7. Ukicheza 6...Bb4 atacheza 7.Rb1 Qa3 8.Rb3 Qa5 9.a3, utamla farasi kwa askofu, 9...Bxc3 10.Bxc3, na malkia wako atakimbia tena. Tazama ubao: Mweupe ana maaskofu wawili, ngome iliyokwisha kutoka, na katikati yote. Wewe umesogeza malkia karibu kila zamu na kete zako zingine zimelala. Kompyuta itakuonyesha namba mbaya, ila huhitaji kompyuta kuiona.

Kwenye Latvia, shida ni ileile kwa sura nyingine. Baada ya 3.Nxe5 Qf6 malkia wako yuko nje mapema, mlango wa f umefunguliwa upande wa mfalme wako, na Mweupe anatoa kete moja moja huku akimfukuza.

Neno kwa waliotoka kwenye drafti. Kule kula ni lazima. Huku si lazima. Gambiti (funguzi za kutoa askari ili upate mchezo) nyingi za Mweusi zinaishi kwa kutegemea Mweupe ale kila kinachotolewa na kisha akishikilie kwa nguvu. Albin ina mfano mtamu: 1.d4 d5 2.c4 e5 3.dxe5 d4 4.e3? Bb4+ 5.Bd2 dxe3 6.Bxb4?? exf2+ 7.Ke2 fxg1=N+! Askari anageuka farasi, si malkia, kwa sababu farasi anatoa cheki papo hapo. Ngome ikimla, 8.Rxg1, basi 8...Bg4+ na malkia wa d1 anapotea nyuma ya mfalme wake. Lakini Mweupe akicheza 4.Nf3 na baadaye g3 na Bg2 kwa utulivu, hakuna mtego tena. Kuna askari wa d4 anayebana na mchezo mrefu mbele, ndiyo maana Albin nimeiweka kundi la kati na si la mwisho.

Hatua ya nne: chagua moja kwa e4, moja kwa d4, basi

Mapendekezo yangu, kwa mchezaji anayejua tayari kanuni za kutoa kete na kumficha mfalme. Kama bado unapoteza kete bure kila mchezo, cheza 1...e5 na 1...d5 mwaka mzima kwanza. Ufunguzi wa ajabu hautakuponya.

Dhidi ya 1.d4, chukua Budapest. 1.d4 Nf6 2.c4 e5 3.dxe5 Ng4. Tofauti yake na Englund ni kwamba farasi anafuata askari mara moja na kwa kawaida unampata. Rubinstein, mmoja wa wakali wa zama zake, alipigwa nayo na Vidmar mjini Berlin mwaka 1918. Jifunze njia tatu za Mweupe.

Akicheza 4.Bf4, wewe 4...Nc6 5.Nf3 Bb4+. Akizuia kwa 6.Nbd2, cheza 6...Qe7. Wengi hapa wanataka kumfukuza askofu: 7.a3 Ngxe5! na akila 8.axb4?? basi 8...Nd3 ni chekimeti, kwa sababu askari wa e2 amefungwa na malkia wa e7 na mfalme amezingirwa na kete zake mwenyewe. Uzuri wa mtego huu ni kwamba haukugharimu kitu. Asipokosea, 8.Nxe5 Nxe5 9.e3 Bxd2+ 10.Qxd2, yeye ana maaskofu wawili, wewe umerudisha askari na huna udhaifu. Akichagua 6.Nc3, mle: 6...Bxc3+ 7.bxc3 Qe7 8.Qd5 f6 9.exf6 Nxf6. Umepungukiwa askari mmoja, yeye ana askari wawili wanaokanyagana kwenye safu ya c, na malkia wake lazima asogee. Hii ndiyo njia ngumu zaidi kwako, ipe muda mwingi.

Akicheza 4.Nf3, jibu 4...Bc5 5.e3 Nc6 6.Be2 O-O 7.O-O Re8 8.Nc3 Ngxe5. Hapa kuna kitu ambacho kwangu ndicho sababu ya kuicheza Budapest. Baada ya 9.b3 a5 10.Bb2 Nxf3+ 11.Bxf3 Ne5 12.Be2, cheza 12...Ra6! Ngome inapanda kupitia safu ya a na kupita mstari wa sita hadi h6 au g6, malkia anafuata h4, na mfalme wa Mweupe aliyebaki bila farasi wa f3 anapata kazi. Angalia sharti lake: usisogeze d7-d6 wala b7-b6 kabla ngome haijapita, la sivyo umejifungia barabara mwenyewe. Na ile a5 haikuwa ya kumzuia Mweupe tu, ndiyo iliyofungua njia.

Akicheza 4.e4, chukua 4...Nxe5, na akija na 5.f4 rudisha farasi c6. Amejenga ukuta mkubwa mbele. Nyuma yake kuna mashimo. Bb4+ au Bc5 mapema.

Ubaya wa Budapest uko kwenye hatua ya pili: bila 2.c4 haipo. Siku hizi wachezaji wengi wa klabu hucheza 2.Bf4 au 2.Nf3, na hapo e5 ni kutoa askari bure. Lazima uwe na jibu la kawaida pembeni, mathalani d5, e6, c5. Anayekuuzia ufunguzi wa ajabu kama dawa ya kila kitu hajawahi kukutana na hiyo Bf4, inayoitwa mfumo wa London.

Dhidi ya 1.e4, 1...Nc6 ya Nimzowitsch inafaa zaidi kuliko a6 au b6, kwa sababu unatoa kete yenye kazi. Akijibu 2.d4, wewe 2...d5. Akisukuma 3.e5, toa askofu kwanza, 3...Bf5, kisha e6 na Nge7. Jua udhaifu wako: farasi wa c6 amemkalia askari wa c, kwa hiyo utalazimika kumwondoa baadaye ili upate c5, au ushambulie kwa f6. Akila 3.exd5 Qxd5, mzoefu wa Skandinavia atacheza 4.Nc3 kwa mazoea ili kumfukuza malkia. Kumbe d4 inashambuliwa na kete mbili na kulindwa na moja: 4...Qxd4 5.Qxd4 Nxd4, askari amekwenda, yeye amebaki na kete zilizotoka mapema tu. Jibu lake sahihi ni 4.Nf3, nawe 4...Bg4. Akicheza 3.Nc3, chukua 3...dxe4 4.d5 Ne5, na 5.Qd4 ikija farasi arudi g6.

Lakini jibu la kawaida kuliko yote ni 2.Nf3, na kwangu mimi linajibiwa kwa 2...e5. Mmerudi barabara kuu, ya Kiitaliano au ya Kihispania. Ukichagua 1...Nc6 huwezi kukwepa kujifunza hizo, na sioni kwamba ni hasara.

Hatua ya tano: ifanyie mazoezi kwa data, si kwa matumaini

Tovuti ya sataranji ya Lichess ni bure na ina kila unachohitaji. Fungua sehemu ya uchambuzi, weka nafasi yako, kisha washa orodha ya ufunguzi. Kuna hifadhi mbili za kulinganisha: michezo ya mamasta, na michezo ya watumiaji wa kawaida ambayo unaweza kuichuja kwa kiwango na kwa urefu wa saa. Iweke kwenye kiwango chako. Utaona watu wa daraja lako wanajibu nini hasa, na mara nyingi si kile kilichoandikwa vitabuni. Majibu matatu yanayotokea sana ndiyo ya kukariri. Kisha nenda upande wa mamasta uone jibu linalokutesa, ulitafutie dawa kabla hujakutana nalo.

Injini, yaani kompyuta inayokupimia nafasi, izime unapofikiri, iwashe baadaye. Namba ikisema Mweupe amekuzidi nusu askari hadi robo tatu, usiogope. Kwa mchezaji wa klabu hiyo haiamui kitu. Ikipita askari mmoja na bado huoni shambulio lolote la kwako, ufunguzi huo uache.

Hifadhi mistari yako kwenye faili ya masomo humohumo Lichess, na kila mchezo ukiisha angalia ni hatua ya ngapi ulitoka kwenye ulichojifunza. Usiangalie kama ulishinda. Ukishinda kwa mtego hujajua chochote kuhusu ufunguzi wako.

Hatua ya sita: saa na mtu aliye mbele yako

Mchezo wa dakika 3: hata Englund inalipa, maana hakuna anayepata muda wa kufikiri 6.Nc3 kama hajawahi kuiona. Mchezo wa dakika 90 kwa kila mmoja: mpinzani atakaa robo saa na kuipata mwenyewe. Kwenye mashindano ya raundi nyingi ambako majina ya mnaokutana kesho yanabandikwa usiku, atakuwa ametazama michezo yako. Hapo Budapest inabaki Budapest, Latvia inakuwa ajali.

Kama mpinzani ni mkali wa mahesabu na mitego, usimpeleke kwenye vurugu hata kama ufunguzi wako unazipenda. Kama ni mtu wa kukariri, anayecheza hatua kumi kwa sekunde ishirini, mpe 1...Nc6 umtazame anavyokunja mikono.

Na ukigundua kwamba mpinzani anajibu haraka kila hatua ya njia yako ya ajabu, acha kutafuta mtego. Tafuta tu mahali pa kumweka mfalme, badilishana kete moja au mbili, ucheze.